Kofi la Mizuho

Nisogeleeni, wanangu. Wakaba, keti hapa kitandani, upande huu wa kushoto, si huo, mkono wa kulia hauna habari na mtu tena, ukiushika sitajua. Na wewe mama, nilazie Itsuki kifuani, akilia mwache alie, nataka sauti yake iwepo nikiyasema haya. Daktari amesema chumba kikiwa tayari wananichukua, wanafungua kichwa, na akasema mengine ambayo sikuyasikia kwa kuwa nilikuwa namtazama mdomo tu. Basi nisikilizeni kabla hawajaja. Wosia ni kazi ya wazee wenye mvi, mimi hata thelathini sijatimiza, lakini hujafa hujaumbika, na mauti yakibisha hodi hayaulizi umri.

Bado siamini. Jana mchana nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili. Jana!

Wakaba unaijua kazi ya mama, ila Itsuki atasimuliwa na watu, na watu huongeza chumvi, kwa hiyo nasimulia mwenyewe. Mimi na mwenzangu Mizuho, mnayemwita shangazi, tunachekesha wawili wawili, kama wafanyavyo watu wa hapa Osaka: kipaza sauti kimoja, mmoja mjinga, mwenzake mkemeaji. Mjinga ni mimi. Nasema upuuzi, Mizuho ananikemea na kunizaba kofi la kisogoni, watu wanacheka, nanyi mnakula. Asubuhi napanga wali kwenye visanduku dukani, mchana napanda jukwaani. Tumechekesha kwenye ukumbi ule juu ya duka la viatu, wenye viti vya kukunja vinavyolia kuliko watazamaji. Tumechekesha kwenye nyumba ya kuogea ya Mzee Tamotsu, watu wakiwa na taulo kichwani, naye hakutudai hata shukrani, kwa hiyo mkipita kwake mwamkieni kwa heshima. Tumechekesha kwenye makao ya wazee, bibi mmoja akanyoosha mkono katikati ya mchezo akauliza, "Wanangu, chakula kinaletwa saa ngapi?" Maisha yetu ndiyo hayo, na sikuyaonea haya hata siku moja.

Sasa lishikeni hili, maana ndilo lililochelewesha msaada bila mtu kukosea. Jukwaani hatuulizani "vipi, u mzima?" Mwenzio akisahau maneno, akijikwaa, akitoka damu ya pua, unakemea, unapiga, unageuza kuwa kicheko. Ukimhurumia mbele ya watu umemmaliza, kwa kuwa watu wakishaingiwa na huruma hawacheki tena. Na kichekesho chetu kinachojulikana mtaa mzima ni mimi kujifanya nimekufa kila Mizuho anaponituma nikaoshe vyombo.

Jana tulikuwa tumefika hapo hapo. Mizuho kasema, "Vyombo vimejaa hadi mlangoni, kaoshe!" na kabla sijajibu kitu kikapasuka nyuma ya jicho langu, mguu ukaniishia nguvu, nikaenda chini kama gunia.

"We mvivu we! Hata sponji hujaiona, ushakufa?" Kofi. Ukumbi ukalipuka.

Nikasema, "Nisaidieni." Nilisema, wanangu, naapa nilisema, ulimi mzito kama wa mlevi, na wao wakazidi kucheka, mzee mmoja wa mbele akapaza sauti, "Mzikeni na masufuria yake!" Mizuho akapiga magoti, "Marehemu, hiyo sauti unaitoa wapi? Amka, hatuna hela ya maziko!" Kofi la pili. Hatujawahi kupata kicheko kama kile tangu tuanze. Nilikuwa nakufa, na kipande cha akili yangu kikawa kinasema, Chinatsu, hii nzuri, usiisahau, mtaitumia tena. Mtu ana akili gani huyo? Nashtuka mwenyewe.

Kisha Mizuho akaniona jicho. Akaniita jina langu la nyumbani, taratibu, "China?" Basi. Watu wakaendelea kucheka kidogo, halafu mmoja mmoja wakanyamaza.

Mama, sasa nakuja kwako. Usitazame dirisha.

Kazi yangu uliiita kuombaomba vicheko. Siku ya kumkumbuka babu uliwaambia ndugu kwamba nafanya kazi ofisini, nami nikamimina chai, ila lilinikaa moyoni, leo nalitoa ili nisilale nalo. Jana ndiyo ulikuja kuniona mara ya kwanza, ukakaa pembeni, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari wa meno. Na leo asubuhi nimekusikia hapo koridoni nje ya mlango: "Umemuua mwanangu kwa kofi! Usikanyage kwangu, na watoto hawa hutawaona tena, koma kabisa!" Na Mizuho, ambaye ulimi wake unanyoa bila maji, anajibu tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Amesema hapandi jukwaani tena. Yupo hapo nje bado, viatu vyake naviona chini ya mlango.

Mama, daktari alisema mshipa uliopasuka kichwani ulikuwa mwembamba tangu nazaliwa, kofi halikupasua kitu. Ulikuwepo, ulisikia, ukaitikia kwa kichwa. Basi hasira ni ya nini?

Mimi najua. Nilikuona. Shavu langu likiwa kwenye mbao, nilikuona katikati ya miguu ya watu. Ulikuwa unacheka. Umejifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanaruka, machozi yanakutoka.

Usilie. Sikuambii ili nikuumize. Maji yakimwagika hayazoleki, na wewe hukumwaga maji, mama, ulicheka kwa sababu nilichekesha. Nimekitafuta kicheko chako tangu nikiwa na umri wa Wakaba, nikijifunga taulo kichwani mbele yako na wewe unakunja uso. Nikiingia huko nisirudi, nitakwenda nacho. Usinigeuzie kikawa kosa, na usimtwishe Mizuho.

Kwa hiyo nasema, na hili ndilo neno langu. Nisipotoka, watoto wakae kwako, baba yao alishakwenda zake na hana la kudai. Lakini Mizuho aingie na kutoka nyumbani kwako kama mtoto wako wa kumzaa. Baiskeli yenye kiti cha mtoto ni yake, amchukue Wakaba shuleni. Suti yangu ya njano ya jukwaani msiichome pamoja nami, mpeni, amtafute mjinga mwingine amvalishe, mahali pangu pasigeuzwe kaburi. Wakaba, tangu jana wauguzi wakicheka unaziba masikio, nimekuona. Watu wale waliocheka jana ukumbini hawakuwa wabaya, mwanangu. Walifanya tulichowaomba.

Ulimi unanielemea sasa. Mama, inuka. Kamfungulie mlango.

Nenda, mama. Nakuomba.

...Ndiyo. Asante. Mizuho, inua kichwa, ukiinama hivyo utakigonga, na mpasuaji hapa ni mmoja. Njoo. Shika huu mkono uliokufa, mimi sisikii lakini wewe utasikia. Nimeshasema yote, uliza kwa mama.

Mkue, wanangu. Mshibe, mpendane, babu zenu wawafunike. Itsuki... mpokeeni, nisije nikamwangusha.

Hao wanakuja na kitanda cha magurudumu. Mama, nisikilize jambo moja tu. Sisi wa jukwaani tukionana mara ya kwanza kwa siku tunaambiana "habari za asubuhi", hata jua likiwa limekuchwa, ndiyo desturi yetu. Nikifumbua macho, saa yoyote ile... usiniulize kama ni mzima.

Niambie habari za asubuhi. Wewe, mama. Hivyo tu.