Mishale Niliyoifuta Kwenye Mbao za Ochieng

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kila mwenye pumzi, na mimi nimsifu kuwashinda nyote, maana nilikuwa na ugonjwa ambao hauna daktari. Mnanijua, mimi ni Owino wa Nyalenda, fundi wa magitaa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini wapigaji wa mji huu walikuja kwangu. Shingo ya gitaa niliichonga kwa mvule, kipande kimoja. Lakini mnajua unyevu wa ziwa letu. Mvua ikishika, shingo inapinda, waya zinanyanyuka, mpigaji anaumia vidole. Nikiulizwa, nasema hiyo ni kazi ya Mungu. Nilimsingizia Mungu, ndugu zangu!

Halafu Ochieng wa Kombewa, niliyejifunza naye kazi, akafungua karakana ukuta kwa ukuta na yangu. Yeye alipasua mbao vipande vitatu vyembamba, akavibandika kwa gundi, akavikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka vikauke. Siri yake ni kwamba kila ubao una upande unaotaka kupindia. Kile cha katikati alikigeuza kivutane na wenzake, na shingo ikabaki imenyooka. Ili asikosee, alichora mshale wa penseli kwenye ncha ya kila kipande, kuonyesha upande huo.

Wateja wangu wakahama. Walinisalimia vizuri tu, "Fundi, habari ya leo?" huku miguu inaelekea kwa Ochieng. Wivu ulinila! Akicheka, nilijua ananicheka mimi. Akivaa shati jipya, nilitaka kujua limetoka wapi. Gitaa lake likilia, na lililia vizuri sana, nilipiga nyundo hata kama sina msumari, mradi nisilisikie. Na kanisani nilikuja! Niliinamisha kichwa hapa hapa nikiomba gundi yake iachie.

Siku moja akapata matanga nyumbani Kombewa. Alikuwa ameanza gitaa la kwaya yetu hii, la kwenda nalo kwenye mkutano wa Maseno. Vipande vitatu vilikuwa tayari, vimepigwa randa na kuchorwa mishale. Ufunguo akaniachia mimi, jirani yake. Ndugu zangu, aliniachia mimi!

Niliingia mchana kweupe. Nikafuta mishale yake, nikakigeuza kile cha katikati, nikachora mishale mipya kwa mkono unaofanana na wake, ili vyote vitatu vivute upande mmoja. Aliporudi alinishukuru kwa kumlindia karakana, akabandika kama alivyoona.

Mvua ilipokuja, shingo ikapinda. Kule Maseno mpigaji aliacha katikati ya wimbo, na kwaya ikamalizia kwa makofi. Watu wakasema Ochieng ni fundi wa mdomo. Nami nilifurahi, siwafichi. Nilikula vizuri siku hiyo.

Wiki hiyo hiyo akaja kwangu amebeba ile shingo, na randa yake ile nzuri niliyoitamani miaka yote.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "wewe unajua mbao kuliko mimi. Nimetafuta kosa sijaliona. Mikono yangu imeniacha. Narudi nyumbani kulima. Hii randa shika wewe."

Kila kitu nilichokiomba kilikuwa mbele yangu. Nikanyoosha mkono kuipokea, nikaurudisha, nikalia kama mtoto. Nikamwambia yote: ufunguo, penseli, yote!

Hakunitukana. Alichukua msumeno, akaikata ile shingo, akatazama mistari ya mbao pale alipokata. Vipande vyote vitatu vimelala upande mmoja. "Nyasaye, Mungu wangu," akasema, "kumbe si mikono yangu." Machozi yakamtoka. Akachukua randa yake akaondoka bila kuniaga.

Jumapili iliyofuata nilisimama hapa nikaieleza kwaya kosa ni la nani. Wengine mlikaa muda mrefu bila kunisalimia, na ilikuwa haki yenu. Ochieng pia. Nilimlilia Bwana aniondolee wivu ule, na kila asubuhi niliukuta umenitangulia kuamka.

Mpaka siku aliponiita mwenyewe karakanani kwake. Mezani pake palikuwa na vipande vitatu vya gitaa jipya la kwaya. Akanipa penseli. "Chora mishale," akasema, akatoka nje, akaniacha na mbao zake peke yangu.

Siku hiyo ndiyo niliyofunguliwa, ndugu zangu! Nilichora mishale mitatu kwa uaminifu, na ule mzigo ukanitoka kifuani. Asante Yesu! Sasa ni miaka ya tisini na gitaa hilo ndilo mlilolisikia asubuhi hii. Mlipompigia Ochieng makofi, moyo ulinichoma kidogo. Ndiyo, bado! Nikamwambia Bwana pale pale, nami nikapiga makofi.

Wewe unayeumwa jirani yako akisifiwa, mwamini Yesu, anaweza. Lakini usikimbilie madhabahuni. Inuka, uende kwa yule mtu, umwambie ulichomfanyia. Ukifika, utamkuta Bwana ameshafika.