Chungu cha Pumba cha Bi Kinue

Sikusimuliwa mimi, nilikuwepo. Nilikaa na wenzangu wawili kwenye benchi letu katikati ya soko la Kanazawa, Japani, ubavuni mwa mashine ya kahawa za kopo, natazamana na kibanda cha Bi Kinue, muuza achari. Mboga zake huzilaza kwenye chungu cha pumba za mchele alichoachiwa na mama mkwe, na pumba hizo zisipogeuzwa kwa mkono kila siku, zinaoza. Asubuhi hiyo binti yake alikuwa amejifungua kule Sapporo. Bibi akawa anatafuta mtu wa kumwachia chungu, aende akampakate mjukuu.

— Niachie mimi, dada, alisema Pweza, na kweli anauza pweza.

— Wewe? Achari zote zinuke bahari! akamrukia Visu, mnoa visu. Ladha iko mkononi, bwana. Apewe fundi.

— Fundi gani? Biringanya zitaota kutu!

— Afadhali kutu. Pumba zinanusa hata tabia. Marehemu mumewe alizigeuza siku moja ana hasira, wateja wakanuniana wiki nzima.

Nikaona wananipita hivi hivi kwa kutia chumvi.

— Hiyo ndogo. Babu yangu aligeuza pumba za kwao akiwa na mchumba, figili zikatoka rangi ya waridi. Kila aliyeonja akaposa!

Bi Kinue alicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

— Basi siendi. Mtoto atanijua kwenye picha.

Pale kibandani alikuwa amesimama msichana mwenye mkoba mgongoni, msafiri kutoka Kagoshima anayezunguka masoko, anatafuna tango la kuonja. Akameza, akainama kidogo.

— Samahani, mama. Kwani hicho chungu hakibebeki?

Tukatazamana. Visu akanywa kopo lililokwisha zamani. Tumebishana mikono ya nani, na chungu chenyewe hakizidi ndoo!

Mchana Bi Kinue alikifunga kwa kitambaa, akakikumbatia, akapanda treni. Harufu ilipoanza kutembea behewani, kondakta akaja mbio, akavua kofia, akaomba tango.

Hilo la kondakta, haya, nimelitia mwenyewe. Mimi nilibaki sokoni nikilinda kibanda cha bibi. Lakini harufu ile naijua: kama hakuomba, alikuwa na mafua.