Dania Inayoita Radi

Ndugu zangu, mimi mnayeniona nimesimama hapa na shati lililopigwa pasi, mtu wa kumaliza kidato cha nne nikiwa tayari na mvi, niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu akila dania iliyooteshwa kwenye mkebe wa chuma, radi inaweza kumfuata mpaka chooni. Chekeni tu, nawapa ruhusa. Niliiamini habari hiyo kuliko nilivyowahi kuamini hesabu za pembetatu. Mawingu yakijikusanya upande wa Ngong, nilikuwa nawapanga wanangu ndani ya nyumba, kila mtu na kona yake, ili radi ikija ikose wa kuchagua.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha bustani ameniambia nisitaje jina la mtu, nami sitataja. Nitasema tu "mwenzangu", na atakayejijua akae kimya kama mimi nilivyokaa.

Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi. Kama kuna ghorofa Nairobi hii ambayo sikuipaka, basi ilijengwa siku niliyokuwa naumwa. Kisha ngazi moja ikaniangusha, nyonga ikahama, na daktari akaniambia kuanzia leo ngazi niione kwenye picha. Nikarudi nyumbani Raila, kijiji cha hapa Kibera, na mkongojo na brashi tatu, nikakuta mikebe mitupu ya rangi imejazana chini ya kitanda. Mama watoto akaiangalia ile mikebe, akaniangalia mimi, akasema, "Sasa kati yenu nani atatoka kwanza?"

Basi nikaitoboa chini kwa msumari, nikajaza udongo na samadi ya mbuzi, nikaipanga nje ya mlango kwenye ubao, mingine nikaitundika ukutani. Ilikuwa ishirini na saba. Mtu wa kanisa akisikia ishirini na saba anajua hiyo ni idadi ya vitabu vya Agano Jipya. Nikachukua brashi, nikaandika kila mkebe jina lake kwa rangi nyeupe. Mathayo na Marko walikuwa dania. Luka alikuwa minti. Matendo ya Mitume, vitunguu vya majani. Warumi, managu, yaani mnavu. Ufunuo niliupanda pilipili, na walioionja walielewa kwa nini iko mwisho.

Nawaambia, ile dania ilistawi mpaka ndege wakawa wanaomba njia. Mama mmoja wa kibanda karibu na reli, anayeuza chapati na nyama na kachumbari, hakutaka tena dania ya sokoni. Alikuwa anamtuma mtu kwangu asubuhi: "Ameniambia nimletee Marko, na kipande kidogo cha Ufunuo." Tulikula kutoka kwenye mikebe ile. Tulilipa nyumba kutoka kwenye mikebe ile. Nilikuwa nimeanguka kutoka ngazi, nikaokotwa na dania.

Sasa mwenzangu. Tulikutana shule ya jioni, ile ambayo watoto wetu wanaicheka na kuiita ngumbaru. Tulikaa dawati moja miaka minne, tukagawana kifutio mpaka kikawa kama punje ya mchele. Yeye anakaa Kawangware, na huko mashambani kwao na kwetu ni mlima mmoja tu katikati. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mwana wefwe, yaani mtoto wa kwetu, mtoto wa nyumba yetu. Ninyi mlio mbali na nyumbani mnajua neno hilo linavyoingia. Mtu akikuita hivyo katikati ya Nairobi, unamfungulia mlango kabla hajabisha.

Ndiyo maana Jumapili moja baada ya ibada nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu mjini hapa. Hata mama watoto alikuwa analijua nusu. Nilimwambia kuhusu dada yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa anatoka shambani mchana, kikapu cha kunde mkononi, jembe begani. Hata mvua haikuwa imeanza. Nyumbani kwetu radi haingoji mvua. Mimi nilikuwa mlangoni namngoja kwa sababu alikuwa amenibebea miwa. Sitaeleza nilichoona. Wazee walisema ni chuma cha jembe ndicho kilichoiita. Mama yangu akalichukua lile jembe, akalitupa mtoni, na tangu siku hiyo mimi na radi hatujawahi kuzoeana.

Mwenzangu alinishika bega. Akasema, "Pole, mwana wefwe." Akakaa nami mpaka chai ikapoa. Nilirudi nyumbani nikijiona mwepesi, nikamshukuru Mungu kwa rafiki.

Hazikupita wiki nyingi, akaja Raila akiwa na uso wa msiba. Hakukaa. Alisimama mbali na ile mikebe.

"Mwana wefwe, hii vitu umepanda kwa chuma?"

"Si unaona."

"Na watoto wanakula?"

"Kila siku. Kwani?"

Akashusha sauti. "Kwani hujasikia? Huko kwetu Kawangware kuna jamaa amepigwa na radi akikula kachumbari. Mboga ya mkebe inanyonya chuma, chuma inaingia kwa damu. Mtu anakuwa kama jembe linalotembea. Na dania ndiyo mbaya zaidi, juu ya ile harufu. Radi inaifuata kama paka na omena."

Jembe linalotembea! Ndugu zangu, mnasikia alichagua neno gani? Angesema nguzo, ningeuliza swali. Angesema waya, labda ningecheka. Alisema jembe, na mimi nikawa mtoto mlangoni tena.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hata kuitupa ovyo ni hatari, lazima izikwe mbali, mahali hakuna watu.

"Na nani atakubali kuibeba?"

"Mimi," akasema. "Kwa ajili yako nitajihatarisha."

Alikuja na mkokoteni kesho yake. Mama watoto alisimama akiwa na mwiko mkononi. "Baba Watoto, kama ubaya ni chuma, mbona anachukua na udongo? Mbona anazifunika na gunia zisivunjike majani?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Mambo haya ni ya sayansi. Wewe hukusoma jioni."

Akarudi jikoni na mwiko wake. Mkokoteni ukaondoka na Agano Jipya lote, kuanzia Mathayo. Na mimi nilifunga siku mbili, bila hata maji, nikimwombea yule mtu radi isimguse njiani.

Haikuishia hapo. Kwa sababu mimi ni mtu mwaminifu kupita kiasi, nilizunguka na mkongojo wangu kwa kila mteja nikimwomba msamaha kwa kumlisha radi. Mama wa kibanda alisikiliza akigeuza chapati. Akaniuliza, "Umelala vizuri wewe?" Nikamwambia awaonye wateja wake. "Niwaonye niwaambie nini? Kachumbari yangu inapiga watu stima?" Hakunitumia tena mtu. Ukuta wangu ukabaki na misumari mitupu, na ndani tukabaki na ugali na chai ya rangi. Mama watoto akaanza kwenda kufulia watu nguo. Alirudi jioni vidole vimekunjamana kama vya bibi yake, na hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Siku moja nikapita kwa yule mama wa kibanda kumsalimu tu. Nikaona dania mezani, majani mapana, harufu ile ile.

"Siku hizi unatoa wapi?"

"Naletewa kutoka Kawangware. Tena nzuri kama yako ya kitambo. Huyo mtu alikuja mwenyewe, akasema wewe umeacha kazi."

Nilitembea mpaka Kawangware. Kwa nyonga yangu, nawaambia, hiyo ilikuwa safari ya kutoka Misri. Nikaingia kwenye ile ploti, na pale ukutani, kwenye jua zuri la saa nne, alikuwa amesimama Mathayo. Marko kando yake. Wakorintho wote wawili. Mke wa mwenzangu alikuwa anawamwagilia kwa kikombe, wamenenepa, wanang'aa.

Mwenzangu akatoka ndani akiwa na taulo shingoni. "Mwana wefwe! Karibu!"

"Hii mikebe ni yangu."

"Gani?"

"Hiyo umeegemea ni Waraka kwa Wafilipi."

Akageuka, akausoma kama mtu anayeuona mara ya kwanza. "Aaa, hii. Hii nilikuwa bado sijazika. Nazika pole pole."

"Na radi?"

"Radi ya huku ni tofauti kidogo."

Ningevumilia hilo. Kuibiwa nimeibiwa mara nyingi, Nairobi ni Nairobi. Lakini mke wake aliniangalia kutoka kwenye mkongojo mpaka usoni, akafunika mdomo kwa kile kikombe. Akamuuliza mumewe, "Huyu ndiye yule wa radi? Yule wa dada na jembe?"

Na wakacheka. Wote wawili. Si kicheko kikubwa, ni kile cha watu waliokwisha kulicheka jambo hilo mara nyingi, sasa wanalikumbuka tu.

Nilitoka bila mkebe hata mmoja. Ningeweza kupiga kelele, majirani wangekuja, maandishi yalikuwa yangu, kila mtu angeona. Sikuweza. Nilimpa mtu yule maiti ya dada yangu aishike kwa heshima, naye akaitumia kubebea dania.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe, maana niliahidi kusema ukweli. Njia nzima kurudi Raila sikuwahi kufikiri kwamba habari ya radi ilikuwa uongo. Hata! Nilifikiri mwenzangu amepata dawa ya kuizuia na ameninyima. Nililia kwa sababu ya dawa ambayo haikuwahi kuwepo.

Baada ya hapo niliacha kanisa, niliacha kunyoa ndevu. Mtu akinisalimu kwa lugha ya nyumbani, namjibu kwa Kiswahili. Mwishowe nikamwambia mama watoto turudi mashambani, Nairobi imetushinda. Akauliza, "Tukirudi, utawaambia watu ulishindwa na nini?" Nikatoka kutafuta gunia la kufungia vyombo.

Nikaenda kwa jirani yangu, mama mmoja wa upande wa ziwa, ambaye mnamjua na amekaa pale karibu na dirisha akijifanya hanisikii. Nikamwomba gunia.

"La nini, omera?" Kwao omera ni ndugu.

"Tunaenda nyumbani. Vyombo."

Akanitazama. Akasema nirudi jioni. Nilivyorudi, gunia lilikuwa limesimama mlangoni pake kama askari, limejaa udongo mpaka shingoni, mawe katikati ya kupitisha maji, limetobolewa kandokando, na kila tundu limechomekwa mche wa sukuma wiki. Juu kabisa alikuwa amemwaga mbegu.

"Mama, nilitaka tupu."

"Mimi sina gunia tupu. Kama unaenda, enda nayo. Beba."

Nikajaribu. Nawaambia, hata Samsoni mwenye nywele zake zote hangelinyanyua. Nikalikumbatia, nikalisukuma, nyonga ikalia. Akina mama wa ploti wakatoka kuniangalia. Mmoja akasema, "Si uende basi, shemeji, gari litakuacha!" Wakacheka, na mimi, ndugu zangu, nikiwa nimekumbatia lile gunia udongo mpaka masikioni, nikacheka pia. Kilikuwa kicheko cha aina nyingine. Hakuna mtu pale aliyekuwa amechukua kitu changu.

Walinisaidia kulikokota mpaka mlangoni kwangu, na gunia likikaa mahali limekaa. Mtu hawezi kuhama na kuacha sukuma inachipua. Nikamwagilia. Siku moja, siku mbili. Mbegu zile za juu zilipotoa majani, nikazinusa, nikajua ni dania. Nikakaa chini nikalia mpaka mama watoto akaniambia niache, chumvi itaua mimea.

Ndivyo nilivyoingia kikundi hiki. Leo nina magunia tisa, na mitungi ya plastiki ya mafuta ya kupikia ambayo hata sitasema ni mingapi msije mkanionea wivu. Mama wa kibanda amenirudia. Alisema tu, "Ile mambo ya stima imeisha?" akaagiza.

Nawashukuru akina mama walionikokotea gunia. Namshukuru mama watoto, ambaye hakusoma jioni na aliona mchana kweupe. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto, na leo naomba mbele yenu. Mwenzangu sijamsamehe bado. Ninajaribu Jumapili, Jumatatu inanishinda. Nisiwadanganye. Ninaloweza kuwaachia ni hili: mtu anayejua unachokiogopa ameshika usukani wako. Chunguza kwanza mikono yake, na akikuletea habari inayofanana mno na kidonda chako, mwite mtu wa pili aisikilize.

Mimi huyo mtu wa pili nilimpata nikiwa nimechelewa sana. Ni mwezi uliopita tu. Mnajua tunavyojaza gunia, tunasimamisha mkebe usio na kitako katikati, tunautia mawe, kisha tunauvuta juu. Mimi sikuwahi kuugusa. Nilikuwa natumia ndoo ya plastiki iliyokatwa, inapinda, mawe yanamwagika, kila mtu ananicheka. Siku hiyo mama wa dirishani akachoka, akanishika mkono. "Omera, mkebe ulikukosea nini?"

Nikamwambia yote. Dada, jembe, dania, ile dawa niliyonyimwa. Hakucheka. Akanionyesha juu kwa kidole chenye udongo.

"Nyumba yako imeezekwa na nini?"

"Mabati."

"Yangu?"

"Mabati."

"Kibera yote?"

Nikatazama paa moja baada ya jingine mpaka kwenye reli.

"Radi haitafuti dania," akasema. "Huyo mtu alitaka mikebe yako, basi."