Aikande Mbwambo, Aliyewavusha Mapacha Wote Wawili

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Aikande Mbwambo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Anaiacha Kigoma ikiwa na familia zaidi ya mia nne zinazokula pamoja leo kwa juhudi zake.

Alifika mwaka 1994 akitokea Same, na sweta mbili nzito na hofu ya maji. Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo chetu cha kuunganisha familia, kinachowasaidia watu waliopewa hifadhi kuwaleta wenzi na watoto wao. Sweta alizigawa mwezi wa kwanza. Hofu ya maji alibaki nayo. Kila safari ya boti kwenda Ilagala alitafuna tangawizi huku amefumba macho, kisha akashuka akisalimia watu kwa Kiha kana kwamba amezaliwa pale.

Kazi yake tunayoikumbuka zaidi ni ya mwaka 2019. Marcel, fundi cherehani kutoka Kongo aliyepewa hifadhi na kupanga chumba Bangwe, aliomba mkewe Rahabu na binti zao mapacha, Kurwa na Doto, wamfuate kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Hakuwa amewaona kwa miaka mitano. Kibali kikaja cha Rahabu na Kurwa tu. Aliyekagua faili aliona watoto wawili wenye wazazi wale wale na tarehe ile ile ya kuzaliwa, akadhani mtoto mmoja ameandikwa mara mbili. Akamfuta Doto.

Rahabu alituma ujumbe kwamba hapandi boti. Mkuu wetu wa wakati huo alishauri aje na mmoja, wa pili afuatiliwe baadaye. Bi. Aikande, ambaye hatukuwahi kumsikia akimpinga mkubwa wake, alisimama kikaoni.

"Mzee, mimi siwezi kumpigia huyu mama simu nikamwambia achague."

Akaanza upya. Kwa wiki tatu alimtafuta Catherine, mkunga aliyewazalisha mapacha hao, hadi akampata katika kijiji alikohamia. Catherine aliandika barua kwa mkono na kutuma kadi za chanjo za watoto wote wawili. Bi. Aikande alizipeleka mwenyewe Dodoma kwa basi, akakaa siku nne akisubiri kusikilizwa. Alirudi na kibali chenye majina matatu.

Boti ilifika Kibirizi asubuhi, wachuuzi wa dagaa wakiwa wamejaa ufukweni. Marcel aliingia majini na viatu vyake. Alipowakumbatia wasichana hao wa miaka tisa alishindwa kuwatofautisha, akaona aibu. Mmoja akamsaidia.

"Baba, mimi ndiye Doto, niliyefutwa."

Marcel alicheka huku analia. Bi. Aikande, aliyezoea kutuonya tusilie mbele ya wateja, aligeukia upande wa ziwa na kukaa hivyo kwa muda mrefu.

Bi. Aikande, umetufundisha kwamba kila jina kwenye faili lina mtu anayelisubiri. Tunakushukuru kwa moyo wote. Mumeo Davis ametuambia nyumba ya Same imeshapakwa rangi. Nenda ukaifurahie kwa afya njema, na siku zako zote ziwe na wageni unaowapenda.

Nehemia, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako