Mama Zamu na Pipa la Jumatatu

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, wafanyakazi wenzetu na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu Mama yetu mbele yenu, nami nitamsoma jinsi alivyokuwa, pamoja na pale anaponiumbua mimi mwenyewe, maana yeye hakupenda kitu kilichofuliwa upande mmoja.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1965, na huko alipochaguliwa kuwa kiranja alishika ufagio mwenyewe badala ya kuwasimamia wenzake, mwalimu akamchapa kwa kushusha hadhi ya cheo, akalia, akafuta machozi, kisha akamalizia kufagia.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa hospitali kuwa mfuaji, na Jumamosi tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa na baba yetu, seremala, aliyezoea kutamba kwamba ameoa mwanamke anayenukia sabuni na hajawahi kujuta. Walijaliwa watoto wanne, na tarehe 19 Mei 2003 Baba akatutangulia.

Jumatatu tarehe 2 Julai 1984 Mama alipewa usimamizi wa chumba cha kufulia, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Zamu. Kuna pipa pale tunaloliita pipa la kwanza, linakusanya mashuka ya chumba cha upasuaji tangu Ijumaa hadi Jumapili, damu ikiwa imeshakauka, na kila Jumatatu lazima yasuuzwe kwa mkono, kwa maji baridi, kabla ya kuingia kwenye mashine. Msimamizi aliyemtangulia alilitumia kuwa adhabu, Mama yeye alichukua chaki, akaandika jina lake mwenyewe kwenye ubao wa zamu, Jumatatu, pipa la kwanza, na hakulifuta kwa miaka ishirini na sita. Alipoulizwa alijibu kwamba Bwana wetu alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi wake, na hakuna palipoandikwa kwamba alimtuma mtu.

Mimi niliajiriwa pale mwaka 1998, chini yake. Alipokaribia kustaafu, tarehe 31 Machi 2011, aliombwa apendekeze wa kumrithi, nami sikuwa na wasiwasi, mtoto wa nyoka ni nyoka, hata nikaenda kwa fundi nikashona koti jeupe la usimamizi, lenye mifuko miwili na ukosi. Mama akampendekeza mwenzangu tunayemwita Kimya, mjane asiyejua kujipendekeza kwa mtu. Nilipomfuata nyumbani kwa hasira aliniambia kwamba cheo kile si shamba lake hata anirithishe, ni dhamana, mwenyewe ni Mungu, na kwamba kwa miaka kumi na mitatu Kimya alikuwa akiwahi kila Jumatatu kuinama naye pipani bila kuitwa, ila binti yake alikuwa akifika mashuka yakishakuwa meupe. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Kwa miezi sita sikukanyaga kwake, wala Kimya sikumwamkia.

Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2011 nilifanyiwa upasuaji wa dharura, nikapoteza damu nyingi. Jumatatu yake mhudumu wa wodi alinieleza kwamba amepita chumba cha kufulia na kumkuta Kimya, msimamizi mpya, ameinama pipani, anasuuza mashuka yangu, damu yangu, mimi niliyekuwa nampita mlangoni kama simwoni. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda changu, nami nililia kwa aibu. Nilipopona nilikwenda kumwomba radhi Kimya, na lile koti nikalichana vitambaa vya kupigia deki, vilidumu sana.

Mama alisumbuliwa na sukari tangu mwaka 2016, mwaka huu kidonda cha mguu kikakataa kupona, akafanyiwa upasuaji asubuhi ya juzi Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, na saa nane mchana Bwana akamwita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi dakika ya mwisho, majirani mliotupikia na kulala nasi msibani, kanisa, na wafanyakazi wenzake wote. Kimya, wewe nakushukuru peke yako. Umenipa ruhusa ya siku saba, umeniahidi kwamba mashuka ya Mama utayafua mwenyewe kesho, ili mimi nisiyaone, na najua ungeyafua vizuri kuliko mimi. Lakini asubuhi hii, kabla ya ibada, nilipitia chumba cha kufulia, nikachukua chaki.

Mama, kesho ni Jumatatu, na jina langu liko ubaoni. Pumzika kwa amani.