Mtoto Aliyeitwa Mara Tatu

Ng'ambo ya lango la hospitali kuna benchi refu lenye mguu mmoja wa kuazima, matofali matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila anayekaa upande huo huwa anakaa kwa adabu. Hapo ndipo Mama Birika anapouza kahawa tangu barabara ile ikiwa ya vumbi. Wateja wake wa asubuhi ni walewale: Msumari, fundi viatu, mwenye kibanda palepale ukutani na maoni juu ya kila kitu; Gia, dereva mstaafu wa lori, ambaye aliacha usukani lakini akikasirika mkono wake bado unabadilisha gia hewani; na Kijani, bwana wa chumba cha kompyuta hospitalini. Jina hilo alipewa hapohapo kwenye benchi. Ukimuuliza habari za kazi, hakuambii nzuri wala mbaya, anafungua simu, anakuonyesha tovuti ya ofisi ambako kazi zote zinazofanywa na seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, zimepangwa kwa mstari, kila moja na kitone chake, na anasema, "Kijani tupu." Ijumaa hii simu ilibaki mfukoni. Kahawa yake ilikuwa imeshaota utando juu.

— Leo vipi, Kijani? Umegeuka mwekundu? aliuliza Gia.

— Jumatatu wanafunga kliniki ya watoto.

Mama Birika aliacha kukoroga.

— Kliniki ya dada yako?

— Hiyohiyo. Chumba kinageuzwa stoo ya vitanda vibovu, na dada anahamishwa mbali. Mganga mkuu amesema hakuna haja ya muuguzi kukaa anapepea mizani. Kina mama hawaji.

Benchi zima lilimjua huyo dada. Ndiye aliyemlea Kijani baada ya mama yao kufariki, akamlipia shule kwa mshahara wa uuguzi, na mpaka leo akipita langoni humuuliza mbele za watu kama amekula. Kijani ana mke na nywele zinazoanza kukimbia utosi, na bado hujibu, "Nimekula, dada."

— Hawaji kwa nini? aliuliza Mama Birika.

— Ndilo wanalotaka kujua wakubwa. Ujumbe wanatumiwa. Kila alfajiri seva inaangalia watoto gani wana zamu ya kupimwa au kuchanjwa, inawaandikia wazazi wao kwenye simu. Mimi ndiye niliyeipanga. Tazama: "Ujumbe wa kliniki. Imekamilika." Kijani.

— Basi tatizo ni kina mama wenyewe, alikatiza Msumari, msumari mmoja ukiwa mdomoni. Wanawake wa siku hizi! Simu anayo mkononi kutwa nzima, anaangalia harusi za watu asiowajua, lakini ujumbe wa mtoto wake hausomi. Enzi zetu mama alikuwa anatembea milima miwili na mtoto mgongoni.

— Mama yako wewe alitembea mlima gani? Mmezaliwa hapo nyuma ya soko, alisema Mama Birika.

— Nasema kwa mfano.

Gia alitikisa kichwa.

— Si simu. Ni ile rangi. Tangu hospitali wapake ile rangi ya manjano, mimi mwenyewe nikiitazama nasikia kizunguzungu. Mtoto mchanga je? Analia tangu barabarani, mama anaona aibu, anageuza.

— Na mizani, Msumari alidakia. Ile mizani mpya inasema. Nimesikia inataja kilo kwa sauti! Mama gani atakubali mtoto wake atangazwe mbele ya majirani kwamba hakuongezeka?

— Haisemi, Msumari. Inalia tu mara moja, alisema Kijani.

— Inaanza na kulia. Kesho itasema.

— Mimi nawaambia, Gia aliendelea huku mkono ukitafuta gia ya tatu, watoto wenyewe wamegoma. Msicheke! Watoto wa sasa wanazaliwa macho wazi. Wamekaa, wamekubaliana, sindano hatuitaki. Mama akishika kadi tu, mtoto anapandisha homa ya uongo.

Walicheka mpaka tofali moja likasogea. Kijani naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Kilichomtafuna hakikuwa kufungwa kwa kliniki peke yake. Kwenye kikao cha hospitali kuhusu kliniki hiyo, mganga mkuu alipouliza kama huenda kosa ni la mitambo, Kijani alisimama mbele ya wote, dada yake akiwa kiti cha mbele, akainua simu na kusema: ujumbe unakwenda, ushahidi huu hapa. Hapo ndipo kikao kilipoisha. Na wiki nyingi kabla ya hapo dada alikuwa amemwambia, "Mdogo wangu, hawa wachache wanaokuja wanasema hawapati kitu." Yeye akamjibu, "Wanasingizia, dada. Kijani haidanganyi."

Wakati huo mzee mmoja mgeni alikuwa akivuka barabara. Suruali yake ilikuwa na madoa ya rangi za nyumba nyingi, na simu ndogo aliishika kwa mikono miwili.

— Hamjambo hapa?

— Shikamoo mzee, waliitikia.

— Marahaba. Samahanini, nimetoka langoni, mlinzi kaniambia mtu wa kompyuta anapatikana hapa. Mimi ni fundi rangi. Naishi peke yangu, mke sijaoa, mtoto sina. Lakini kila alfajiri hospitali yenu inanitaka nilete watoto.

— Watoto wangapi? aliuliza Gia.

— Wote.

Msumari aliutoa msumari mdomoni.

— Nilinunua laini hii mpya, aliendelea mzee. Asubuhi ya kwanza simu ililia mpaka ikataka kuanguka mezani. Mlete huyu apimwe, mlete yule achanjwe. Nilicheka. Nilijaribu kupiga, namba haipokei. Basi nikazoea. Jumbe zikianza kulia naamka, nabandika chai, nazisoma mojamoja. Sasa kuna mmoja. Ameitwa, hakuja. Ameitwa tena, hakuja. Leo wameandika, "Hii ni mara ya tatu, tafadhali mlete." Nimeshindwa kupaka ukuta. Nikasema ngoja niende mwenyewe niulize. Huyo mtoto ni mzima?

Gia alitazama viatu vyake, Mama Birika akamtazama Kijani, na Kijani alikuwa ameshasimama.

— Mzee, namba yako ni ipi?

Mzee aliitaja polepole, tarakimu kwa tarakimu. Kabla hajafika mwisho, Kijani alikuwa anaimalizia pamoja naye. Ilikuwa namba yake mwenyewe ya zamani, laini ya pili, ile iliyozama pamoja na simu kwenye ndoo ya kufulia, akaona si hoja kuifufua. Nayo kampuni ya simu, ikiona haitumiki, ikamuuzia mtu mwingine.

— Mungu wangu, alisema. Ni mimi.

— Wewe umefanyaje? aliuliza Mama Birika.

— Nilipokuwa naijaribu kazi hii, sikutaka kuwaamsha kina mama bure. Nikaiambia seva, ujumbe wote leta kwanza kwenye laini yangu. Ukaja, nikafurahi, nikaondoka. Siku ileile simu ikazama, na sikurudi kufuta ile namba.

— Na kitone?

— Kitone kinasema umetumwa. Hakijui umetumwa kwa nani!

Aliketi upande wa matofali bila adabu yoyote, benchi likayumba, wakamshika. Alifungua tovuti, akaingia kwenye kazi ya ujumbe wa kliniki, akashuka hadi chini kabisa ambako hakuna anayeshuka, na namba ilikuwa imekaa pale, imetulia. Akaifuta. Akahifadhi. Kisha akabonyeza "Endesha tena."

Kitone kikawa cha kijivu, kikazunguka, kikazunguka. Kikawa kijani.

Siku nyingine yoyote angepumua hapo. Leo hakupumua.

— Umefika? aliuliza, bila kujua anamuuliza nani. Kuna mtu yeyote hapa umemfikia?

Magari yalipita. Mama Birika alitikisa kichwa. Wajukuu wake walishakuwa wakubwa. Kisha ndani ya kibanda, chini ya rundo la viatu visivyo na soli, kitu kililia.

— Hiyo ni yangu, alisema Msumari, akaingia akifukua viatu. Atakuwa mteja. Wanapenda kusumbua.

Alitoka akiisoma kwa mbali, mkono umenyooka, kama kawaida yake. Alisoma jina la kwanza la mtoto kwa sauti. Aliposoma la pili, sauti ilishuka.

— Huyo! Mzee wa rangi aliruka. Huyo ndiye! Ndiye mtoto wangu wa mara tatu!

— Ni mjukuu wangu, alisema Msumari. Binti yangu aliandikisha namba yangu, yake ilikuwa imeharibika. Alikuwa ananiuliza kila siku, baba, hospitali hawajatuma kitu? Namwambia hawajatuma, zamu yake bado.

Hapo Mama Birika angeweza kumkumbusha habari za wanawake wa siku hizi na milima miwili. Badala yake alimmiminia kikombe cha kahawa.

— Mzima? mzee aliuliza tena, amemshika mkono. Niambie kwanza kama ni mzima.

— Mzima, kaka. Mzima kabisa. Jana katafuna ulimi wa kiatu cha mteja, nusu nzima. Sindano tu ndiyo imechelewa.

Mzee alicheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye rangi ya bluu na kujiachia alama shavuni. Msumari hakungoja kufunga kibanda. Alikwenda mbio kumwita binti yake, amevaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha mteja.

Haukupita muda dada mtu alitokea langoni, koti jeupe, simu ya kliniki sikioni na nyingine mkononi.

— Mdogo wangu! Umefanya nini? Simu haipumui! Wanawake wote wanauliza waje leo au kesho!

Kijani alivuka barabara kumfuata dada yake. Alitaka kuanza na mambo ya seva, akaona yatakuwa ni kujificha.

— Dada, walikuwa hawasingizii. Ujumbe ulikuwa unakwenda kwa huyu mzee. Kosa ni langu, na pale kikaoni nilikuponza.

Dada alimpiga kofi dogo la begani, lile la utotoni.

— Nilikwambia.

— Uliniambia.

— Sasa nenda kwa mganga mkuu, ukayaseme haya kwa mdomo uleule. Na usiingie na hiyo simu juu kama mwenge.

— Sawa, dada.

— Umekula?

— Sijala.

— Utakula ukitoka.

Mganga mkuu alimsema mpaka masikio yakawaka moto, lakini kupitia dirisha aliona foleni ya kina mama imefika kwenye bomba la maji, na vitanda vibovu vikabaki nje vilipokuwa. Kijani alirudi benchini amelegea kwa furaha. Mzee wa rangi alikuwa bado yupo, amewekwa katikati, Gia akimweleza kwa nini manjano ile ni hatari, naye akijibu kwamba aliyeipaka ni yeye.

— Rangi nzuri sana, alisema Gia papo hapo.

Mzee alikiweka kikombe chini.

— Lakini wanangu, sasa kesho alfajiri nani ataniamsha?

Gia alikuna kidevu. Mama Birika aliinamisha birika, likatoa matone mawili na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Kijani alifungua tovuti. Chini ya kazi zote alianzisha kazi mpya, ya kila alfajiri, na safari hii aliiandika namba akijua ni ya nani. Akaijaribu. Kitone kikawa kijani.

Hakukitazama. Alimtazama mzee.

— Umefika?

Simu ndogo ililia mikononi mwa mzee. Aliisogeza karibu na macho, akasoma taratibu: "Mzee, amka. Ukishakunywa chai, njoo na kwetu."

— Umefika, mwanangu, alisema.