Vitanda Vinne vya Sista Bhoke

Sista Helen Bhoke Wangwe anastaafu leo, Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi katika Homa Bay na Migori. Kamati ya sherehe imeniomba ukurasa wa furaha. Nitajitahidi, lakini niseme mapema kwamba sijatulia. Stoo ya zamani nyuma ya jiko, ambamo Sista huwalaza walevi wanaotaka kuacha pombe, inafungwa leo pamoja na utumishi wake, na ndani yake kuna mtu. Anaitwa Dishon, mvuvi wa Karungu, na leo ni siku yake ya tano kati ya kumi. Tangu asubuhi ameniuliza mara tatu kesho atalala wapi. Mimi ni karani wa rekodi tu. Nimemwambia anywe uji.

Sista alizaliwa Kegonga mwaka wa 1943. Alipopangiwa Homa Bay alikuwa Mkuria peke yake wodini, hajui Kijaluo hata cha kuombea maji. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akifokea wagonjwa kwa Kijaluo safi, nao wakambatiza nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay. Mpaka leo akikasirika huanza kwa Kiswahili, hupitia Kijaluo, na akifika Kikuria, jamani, tafuta mlango.

Kutoka Homa Bay alipelekwa zahanati ya Rusinga, na huko ndiko yalikomkuta ya mwalimu mmoja. Ndugu zake walimleta amefungwa kamba, anatetemeka na kuongea na watu wasioonekana, wakiamini amerogwa. Sista alitambua kwamba ni chang'aa aliyoiacha ghafla. Hakukuwa na kitanda cha ugonjwa huo Rusinga, wala Homa Bay, wala popote upande huu wa mkoa. Familia iliuza ng'ombe wa kulimia, ikampeleka Nairobi kwenye nyumba ya binafsi ya kutibu walevi, ambako ada ya mwezi mmoja ilikaribia mshahara wake wa mwaka mzima. Siku ya tisa pesa ziliisha, naye akarudishwa kwa basi. Tulimzika kabla ya kuvuna mahindi. Nasema tulimzika kwa sababu alikuwa mjomba wangu. Wakati huo sikumjua Sista, nilimwona tu mazishini, amesimama mbali na wauguzi wenzake, analia kwa hasira.

Alihamia kituo hiki cha afya cha Migori mwaka wa 1986. Miaka mitano aliandika barua za kuomba wodi ya walevi, na majibu ya barua hizo ninayo kwenye faili: ombi limepokelewa, ombi linashughulikiwa, ombi liletwe upya kwa fomu nyingine. Mwaka wa 1991 alichoka. Aliwatoa panya stooni, akapaka chokaa kwa mikono yake, akaburuta vitanda vinne vilivyokuwa vimetupwa nje kwa kuvunjika miguu. Abdullah, mwenye duka la jumla pale stendi, alitoa magodoro na sukari kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitajwe. Pole, Abdullah.

Matibabu yenyewe hayakuwa na maajabu. Siku kumi, uji wa wimbi, sindano za vitamini, na vidonge vya kutuliza ambavyo daktari aliviidhinisha kimoja kimoja. Ukiingia, Sista anakunyang'anya viatu, maana hakuna mwanamume mwenye heshima zake atakayekatiza soko la Migori miguu mitupu kwenda kutafuta glasi. Hesabu hiyo iliwafaa walimu na makarani. Wavuvi walikuwa wakiondoka bila viatu na bila wasiwasi wowote, wanaamkia kwa mama pima, muuza chang'aa. Ndipo Sista akabadili kanuni: mvuvi anaacha suruali. Aliyetaka kutoroka alitoroka na shuka ya serikali, na Sista alimkimbilia mpaka barabara kuu, naye ana umri wa bibi.

Mimi ninayeandika haya nilivuliwa viatu mwezi wa Februari 1993. Nililala kitanda cha tatu. Faili yangu inasema nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria.

Waheshimiwa wa wizara walioketi meza ya mbele watuvumilie hapa. Katika daftari la kulaza wagonjwa hakukuwa na mstari wa ulevi, na asiye na mstari hapewi kitanda wala chakula. Sista alikuwa akiandika malaria. Mimi, kwa bidii yangu ya kikarani, nilijumlisha takwimu kila mwezi na kuzituma wilayani bila kufikiri. Januari 1995, kiangazi cha kupasua midomo, hakuna hata dimbwi, likaja lori la kikosi cha mbu. Vijana wanane wenye mashine za kupuliza dawa, na ofisa aliyetaka kuona kitovu cha mlipuko. Sista hakutetemeka. Aliwapanga wagonjwa wake wanne, akawavika suruali, akawakabidhi mashine, wakapuliza dawa kituo kizima mpaka kwenye banda la kuku la mkuu wa kituo. Ofisa aliondoka akisifu jinsi wagonjwa wa malaria wa Migori walivyo na nguvu. Tukaogopa, tukahamia homa ya matumbo. Miezi mitatu baadaye wakaja watu wa kupima visima. Mimi nilitaka kujificha. Sista aliwapikia chai.

Mnacheka, na mcheke, maana ilichekesha. Lakini mtu mzima mwenye cheti na miaka yote hiyo ya kazi alilazimika kudanganya daftari ili mgonjwa apate godoro na bakuli la uji. Hilo linaniwasha kila nikilikumbuka. Watu mia tatu na kumi na wawili wamepita stooni. Si wote walioacha, wengine walirudi mara tatu, na wachache tumewazika. Kila mmoja alilipia kadi ya kituo tu, sawa na anayekuja kutibiwa jino. Mtu akitaka kwingine leo hii, kwingine bado ni Nairobi, na ng'ombe wa kulimia ndio wale wale wa kuuzwa.

Barua ya wilaya ilifika Mei. Nafasi ya Sista haitajazwa kwa sababu serikali inapunguza wafanyakazi, na stoo irudishwe kuwa stoo. Tumeambiwa kuna viti vibovu vya kuhifadhi.

Nimefika hapa, na stensili ninayochapia haifutiki vizuri, basi yanayofuata mtayasoma kama yalivyotokea. Saa tano na nusu Sista ameingia ofisini kwangu, rola za nywele bado ziko kichwani, akauliza kochi alilonunuliwa na wafanyakazi linasafirishwa na gari gani. Nikamwambia ni pikapu ya Abdullah, saa kumi, moja kwa moja mpaka Kegonga. Akasema vizuri, basi Dishon atakalia kochi. Ameshazungumza na daktari, vidonge vya siku tano viko kwenye mkoba wake, na nyumbani kwake kuna chumba cha wanawe waliohama. Kwa hiyo, wageni wetu, mkiona zawadi yetu inaondoka na mgonjwa juu yake, msiseme hamkuambiwa.

Nimemuuliza, na watakaokuja kesho je? Akasema niwaelekeze Kegonga. Chumba kina vitanda viwili, Sista, nikamwambia. Akasema anajua kuhesabu.

Naomba mtu yeyote asipige makofi hapo. Ile ni nyumba ya mstaafu, na kutoka Karungu mpaka Kegonga ni kubadilisha magari na mwili unatetemeka. Kuanzia kesho wilaya nzima haina kitanda hata kimoja cha mtu kama Dishon, na sisi hapa tutakuwa tumeshiba pilau.

Na mtu kama mimi? Kwa miaka mitano Sista amepita dirishani kwangu kila saa mbili asubuhi kunisalimu. Hunisogelea uso kwa uso na kuuliza habari za watu wa nyumbani, mmoja mmoja kwa jina. Mimi sina mke wala watoto, kwa hiyo huniuliza za kuku, nami hutaja kuku wote mpaka aridhike na pumzi yangu. Leo nimemwambia kwamba naogopa kesho saa mbili. Nimemwambia hivyo hivyo, bila kuzungusha. Hakunipa pole. Amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, ameshika mkono wangu mpaka wakaja kumwita akavae. Alipofika mlangoni akasema na yeye anaogopa.

Nimekwenda stooni kumwambia Dishon kesho atalala wapi. Akauliza kama Kegonga kuna ziwa. Nikamwambia hakuna, ni milima na mashamba ya mahindi. Akasema afadhali.

Sista Helen Bhoke, wafanyakazi wa kituo hiki wanakushukuru, na mia tatu na kumi na wawili wanakushukuru, hata wale waliokutoroka. Wastaafu wengine huwa tunawatakia mapumziko. Wewe tunakuombea magoti yenye nguvu na miaka mingi sana, na tunaomba hivyo kwa ubinafsi kabisa, kwa sababu bado hatujajua kuishi bila wewe.

Elkana Obunga
Karani wa Rekodi